Sare za Harusi ya Kwa Mjomba

Ukitaka kuwa na lebo yako ya nguo, kitu cha kwanza unachonunua ni jina, na jina haliuzwi rejareja. Vile vitambaa vidogo vinavyoshonwa nyuma ya shingo, wanaovifuma kule Mombasa hawapokei oda ndogo. Mimi nilidhani nitaagiza vya kutosha magauni niliyokuwa nayo tu, na magauni yenyewe ungeweza kuyatundika yote kwenye msumari mmoja. Kijana wa dukani akacheka, si kwa ubaya. "Dada yangu, hii mashine haiwashwi kwa vitambaa kumi. Chukua elfu moja, au nenda ukaandike kwa kalamu." Nikachukua elfu moja. Pesa za kodi ya chumba zikabaki pale kaunta, nami nikavuka feri na mfuko mwepesi, ndani yake jina la utotoni la mama yetu limefumwa mara elfu moja.

Mdogo wangu alivimwaga juu ya meza ya kukatia, akavitazama.

"Kwa hivyo hata tukishindwa," akasema, "itatuchukua miaka kumaliza kushindwa."

Ndivyo alivyokuwa akizungumza. Nikiwa peke yangu dukani sasa, huwa nasema jambo kwa sauti, kisha nangoja kidogo, kwa mazoea, nisikie atalijibu vipi.

Tulizaliwa wawili tukakua. Baba alitangulia, kisha mama akafuata nikiwa darasa la saba. Mjomba, kaka yake mama, alituchukua nyumbani kwake Msambweni bila kikao wala mashauri. Kwetu Wadigo mtoto wa dada ni mtoto. Mkaza mjomba, yaani mkewe, akatandika mkeka mmoja zaidi na kuongeza maji kwenye sufuria. Wanawake wa ukoo walilala nasi muda wote wa matanga, na hata baada ya matanga kwisha hakuna aliyepita pale mikono mitupu. Mmoja alileta unga, mwingine muhogo, mwingine hakuwa na kitu akaleta kuni. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo mtu hataelewa yaliyotufika baadaye, ataona nilikuwa mjinga tu.

Shuleni hakunifukuza mtu. Nilitazama minazi ya mjomba, nikatazama vinywa vilivyoitegemea, nikasema mimi basi, mdogo wangu aendelee. Mkaza mjomba alinishika mkono akanipeleka kwa fundi mmoja mzee sokoni. "Nakuletea mwanangu," alimwambia. "Ukimpiga, mpige kwa sababu." Yule fundi hakunipiga kamwe. Mwaka mzima nilikata nyuzi na kutia makaa kwenye pasi, halafu akaniacha nishone mifuko ya suruali, halafu suruali. Nilishona sare za shule za watoto niliosoma nao darasa moja. Kola zao nilizipiga pasi vizuri mno.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akarudi na macho ya kuona rangi. Wazo la lebo lilikuwa lake, na la kupanga chumba cha duka Ukunda. Bibi zetu walivaa hando, kile kitambaa cheupe chepesi kilichokusanywa marinda mengi kiunoni, leso ikafungwa juu yake, na mwanamke akitembea unamwona amejaa, anatikisika kwa heshima yake. Hando siku hizi utaiona kwenye ngoma za kuonyesha wageni hotelini. Mdogo wangu alichora gauni la kawaida, la kuendea kazini au harusini, lakini nyuma, kuanzia kiunoni, limekusanywa marinda ya hando. Nilipolishona la kwanza nikamvalisha yeye, akatembea hadi mlangoni na kurudi, niliona nyuma ya mgongo wake mwendo wa mama. Sikumwambia. Nilimwambia pindo limepinda.

Kuna jambo moja kuhusu marinda: yanakula kitambaa. Gauni moja la hando linameza kitambaa cha magauni mawili, na mwenye duka la vitambaa hauzi marinda, anauza mita. Siku ya kwanza tulipokaa kupanga bei nilihesabu kitambaa, uzi na zipu, nikaongeza kidogo, nikaridhika.

"Umeme je?" mdogo wangu akauliza.

"Kweli, tia tokeni."

"Kodi? Nauli ya kwenda Mombasa? Na lile uliloliunguza kwa pasi?"

"Lile lilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya nayo inakula kitambaa, dada. Na mkono wako je?"

"Mkono wangu ni wangu."

"Ndiyo maana haulipwi."

Tulipoyaweka yote, bei ilitoka ambayo sisi wenyewe tusingeweza kuinunua. Mwanamke wa Ukunda alikuwa akiingia, analishika gauni, analigeuza ndani kutazama mishono, ananisifu, kisha anasema dera la barabarani linapatikana kwa robo ya bei hiyo na linafunika mwili uleule. Hakuwa anadanganya. Wageni wa Diani waliweza kununua, lakini wageni wako hotelini, na sisi tuko kando ya barabara, jirani yetu wa kulia akiuza mafuta ya taa.

Mama mmoja mwenye duka la nguo karibu na ufuo alikubali kututundikia magauni yetu, kwa mali kauli: anachukua mzigo, akiuza analipa, asipouza anarudisha. Tulifurahi kana kwamba ameshanunua. Desemba akauza, akatulipa Februari. Mvua za masika zilipoanza na hoteli zikapunguza wafanyakazi, alifunga duka akaenda zake bara, akaturudishia yaliyobaki. Yalikuwa yametundikwa dirishani. Jua lilikuwa limepiga bega moja la kila gauni, upande mmoja buluu, upande wa pili rangi ambayo haina jina. Mdogo wangu alivaa moja akajitazama. "Tuseme ndiyo mtindo," akasema. Tukacheka hadi mwenye mafuta ya taa akaja kuchungulia.

Lakini baada ya kucheka aliketi, na ndipo akaniambia habari ya wakala. Wasichana wawili aliosoma nao walikuwa wameshakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Yeye alikuwa na pasipoti tayari. Aliichukua kimyakimya, akiifikiria.

"Umechoka na mimi?" nikamuuliza.

"Dada, wewe nani wa kuchokwa? Nimechoka kuomba pesa ya pedi kwenye kasha la duka. Sitaki utajiri. Nataka mshahara. Uwe mdogo, lakini uwe na siku yake."

"Nipe muda."

"Hadi mfungo tatu," akasema. "Biashara ikiweza kunilipa kama msichana yeyote wa dukani hapa Ukunda, nachana karatasi za wakala. Isipoweza, unipe radhi zako niende."

Nilikubali. Tangu siku hiyo sikuiona tena lebo kama lebo. Niliiona kama mlango, na mdogo wangu amesimama kizingitini na begi lake.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoandama, mkaza mjomba alituma watu kutuita Msambweni. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa. Tulimkuta uani anakuna nazi, tukamwamkia, shikamoo, marahaba, na kabla hatujaketi akasema, "Nataka sare za upande wa bi harusi zishonwe na nyinyi. Ile ya marinda. Watu wa Tiwi wanaokuja kuoa nataka wakituona wajiulize wameoa wapi." Akataja akina shangazi, akina mama wadogo, binamu, majirani wa siku nyingi, hadi mwali mwenyewe na mashoga zake. Kichwani mwangu nilikuwa nahesabu. Sare kwetu kila mwanamke hujilipia yake. Nimeshona harusi nyingi na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wote wale, kila mmoja na gauni lake: huo ulikuwa mshahara wa mdogo wangu wa miezi mingi, na akiba ya kitambaa juu yake.

"Na ya pesa, mama?" mdogo wangu aliuliza, kwa adabu, akitazama nazi.

"Ya pesa tutazungumza. Shoneni kwanza, siku zinakwenda."

Njiani mdogo wangu akaniambia, "Omba arbuni. Nusu tu. Hata robo."

"Nimwombe arbuni mkaza mjomba?"

"Muombe kama unavyomwomba mtu mwingine."

"Nitaanzaje? Nimekula kwenye sahani yake, nimeugua kwenye mkeka wake, niende nimwambie tanguliza pesa nisije nikakuamini bure?"

Hakubishana. Mwenye duka la vitambaa Mombasa alinijua, akanipa majora ya zambarau nusu kwa pesa zote tulizokuwa nazo na nusu kwa deni. Kwa majuma kadhaa nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Wanawake walikuja Ukunda kupimwa, wakikaa kwenye benchi, wakitaniana juu ya viuno vyao. Shangazi mmoja alipopimwa alisema, "Andika pungufu, nitafunga kula." Mwingine akamjibu, "Tangu uolewe unafunga, na unazidi." Mdogo wangu aliandika vipimo, akakata, akakusanya marinda kwa vidole vyake vyembamba, mimi nikapitisha mashine. Hatukuwa tukizungumza sana. Alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama na mimi nikiweka mkasi ndani yake. Wakati mwingine alinyoosha mkono na nikaweka kipande cha muhogo, naye akajaribu kukatia kitambaa.

Siku ya harusi, alasiri, uani kwa mjomba palijaa zambarau. Sitaki kujisifu, lakini ilikuwa kazi nzuri. Ngoma ya sengenya ilipopigwa, wanawake wakaingia uwanjani, na marinda yakafanya kile yalichofanya miaka yote kabla mimi sijazaliwa. Watu wa Tiwi walitoa simu zao wakapiga picha. Mdogo wangu alinibana kidole.

Kisha mkaza mjomba akaichukua maiki kwa kijana wa muziki.

"Nyamazeni! Jamani, nyamazeni kidogo! Mnaziona sare hizi? Mnajiona mlivyopendeza, hata nyinyi mliozeeka? Kuna mtu hapa ametozwa hata shilingi?" Akangoja. "Hayupo! Ndugu yangu wa pwani kaleta samaki, shemeji yangu wa Kinondo kaleta mbuzi, na wanangu hawa, wana wa marehemu wifi yangu, mayatima niliowalea kwa mkono huu, wametoa walichonacho. Wameivalisha harusi nzima! Wapigieni!"

Vigelegele vikapanda. Wanawake wakatugeukia, wengine wanalia. Shangazi yule wa kufunga alinikumbatia akanilowesha shingo. Nilijua hapo hapo kwamba hatutalipwa, na nikajua pia hajadanganya. Kwetu aliye na mtumbwi huchangia samaki, aliye na shamba huchangia nazi. Mimi nilikuwa na cherehani. Yeye alikuwa amekuja kwa mwanawe. Mimi nilikuwa nimempokea mteja, nikakosa ujasiri wa kumwonyesha hivyo.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amepandisha ulimi naye anapiga vigelegele, kwa sauti kuliko wote.

Hatukuyazungumza mpaka tumefika Ukunda na kufungua chumba, ambacho kilikuwa na vipande vya zambarau sakafuni na kitu kingine hakina. Akafagia. "Walipendeza lakini," akasema. "Mungu anajua walipendeza." Kisha akaingia uani akaoga kwa muda mrefu.

Mkaza mjomba alikuja alipopata habari kwamba karatasi za wakala zimetiwa sahihi. Alileta muhogo na madafu. Aliketi kwenye lile benchi la kupimia, akaulizia afya zetu, kisha akaniuliza mimi, si mdogo wangu.

"Mlitaka kulipwa?"

Nikachukua kisu nimfungulie dafu.

"Nauliza, mwanangu. Ile kazi mlitaka kulipwa?"

"Tulikuwa tumeitegemea, mama."

"Kwa hivyo nilikuwa mteja." Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. "Mbona hukuniambia? Ningejua ni duka ningekwenda duka jingine, wewe ningekuacha ukae uwanjani na wenzio, uonekane na macho ya watu. Nilikwambia ya pesa tutazungumza. Hukuja kuzungumza."

"Niliona haya."

"Haya gani, kwangu?" Akafungua fundo la pembe ya leso yake, akatoa pesa alizokuwa nazo, zimekunjwa hadi zikawa ngumu, akaziweka juu ya meza ya kukatia. Hazingelipa hata uzi. Mdogo wangu alizichukua, akamshika leso, akazifunga tena palepale zilipokuwa, akakaza fundo kwa meno.

"Hizi za nauli yako, mama. Mimi nakwenda kwa kupenda kwangu."

Alikuwa anasema uongo, na sisi wawili tulimshukuru kwa uongo huo.

Aliondoka mfungo tatu, kama alivyokuwa amesema. Wakala aliwaambia wavae baibui nyeusi, kwa hiyo hakusafiri na kitu chochote nilichokishona. Mjomba alimwombea dua mlangoni.

Nilibaki na deni la Mombasa. Nikarudia sare za shule. Kaptura na sketi haziringi, zinalipa kidogo kidogo lakini zinalipa. Sikuifunga lebo. Watu waliniambia niifunge, na kwa hesabu walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeshazoea maisha yangu yote kushika kitu hadi mkono ufe ganzi, sikujua namna nyingine.

Halafu zile picha za watu wa Tiwi zikaanza kutembea. Mwanamke mmoja alinipigia simu akitaka sare "kama za ile harusi ya Msambweni." Mwingine wa Waa. Mwingine wa Matuga, ambaye hata hakujua harusi ilikuwa ya nani, aliiona tu kwenye simu ya dada yake. Harusi iliyotumaliza ndiyo iliyotutangaza, ila tangazo lilichelewa kufika kwa miezi michache, na miezi hiyo ndiyo iliyomchukua mdogo wangu.

Sasa nina sharti moja: nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kwa mgeni, kwa jirani, kwa ndugu. Mtu wa kwanza wa ukoo kuambiwa hivyo alikuwa shangazi yule wa kufunga. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamwambia, na jasho lilinitoka mgongoni. Alinitazama juu hadi chini. "Umekuwa Mhindi," akasema. Kisha akatoa pesa kifuani, akazihesabu mbele yangu kwa madaha, akaongeza ya soda. Lilikuwa jambo jepesi hivyo, na wakati ule ningelitoa roho kabla ya kulitamka.

Mdogo wangu kutoka huko aliko hutuma pesa. Nimemkataza, hakatazwi. Kwa pesa zake nilinunua mashine ya ovaloki, ya kumalizia mishono ndani, na nguo zetu siku hizi ukizigeuza ni safi kama nje. Wateja husifia. Mimi nikiipitisha nguo pale naona mwaka mzima wa mikono yake kwenye sinki la mtu mwingine.

Baada ya Idi iliyopita nilikaa na hesabu zangu, nikatoa kodi, umeme, kitambaa, bahati mbaya, na mkono wangu mwenyewe, nao nimeshajifunza kuutoa. Pakabaki. Nilirudia, nikidhani nimekosea, na tena pakabaki. Ulikuwa mshahara kamili wa mtu wa pili. Nikampigia simu siku yake ya mapumziko.

Nilimtajia kiasi. Nikasikia maji yanamwagika mahali.

"Baada ya kodi au kabla?"

"Baada ya kila kitu."

"Na masika je?"

"Hata masika. Harusi hazingoji wageni wa hoteli."

"Dada. Ungeniambia kabla ya Ramadhani. Nimeshatia sahihi miaka miwili mingine. Nilifikiri bado unahangaika."

Nikamwambia hakuna neno, miaka si kitu. Akaniuliza nashona nini sasa, nikamwambia ni sare ya kijani, harusi ya Waa. Akataka nimtumie picha. Akasema marinda niyasogeze nyuma zaidi, nimeyaleta kwenye nyonga, yatawanenepesha. Alikuwa sawa. Tukazungumza marinda mpaka alipoitwa na mwenye nyumba, na sauti yake ya kuitikia ilikuwa sauti nisiyoijua.

Niliifumua ile sare nikayarudisha marinda nyuma. Kwa hiyo ikachelewa, na mama wa bi harusi wa Waa akaja mwenyewe kuniuliza, amesimama mlangoni, mtandio umemwanguka begani.

"Mwanangu, kazi yako naipenda, lakini mbona hivi? Uko peke yako na mashine mbili. Wasichana wamejaa Ukunda hawana kazi. Si uajiri?"

"Nimeajiri, mama," nikamwambia. "Mshahara wake naweka kila mwezi. Hajafika tu."

Akaketi kwenye benchi, akaomba maji, akasema atangoja pale pale niipige pasi.